Isiyo Ghali

Zulaika alipotaja mahari yake, shangazi Aminah aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeona nzi ndani ya chai.

"Rudia," alisema.

"Laptopu," Zulaika akarudia. "Isiyo ghali."

Walikuwa wanawake watatu kwenye mkeka, katika nyumba yao ya Namakwekwe, mjini Mbale: Zulaika mwenyewe, mama yake, Madina, aliyekuwa akisuka tabaga la kufunikia chakula, na shangazi Aminah, dada wa marehemu baba, ambaye hakuna harusi ya Wanubi wa mtaa ule iliyopita bila mkono wake. Kwenye kiti, peke yake, kofia imelala magotini, aliketi Afande Gidudu, mshenga. Alikuwa askari magereza mjini Jinja pamoja na baba yake Wahab, mchumba wa Zulaika, na rafiki huyo alipofariki, Gidudu akabaki kuwa mzazi wa kijana. Sasa amestaafu, analima ndizi na mahindi huko Busiu, lakini bado anapiga viatu rangi kila asubuhi kana kwamba kuna gwaride.

"Mahari ni haki yako, sikatai," shangazi Aminah alisema. "Dini imekupa wewe mdomo wa kuitaja. Lakini mdomo huohuo ungeweza kutaja kitanda cha mvule. Ungeweza kutaja dhahabu. Binti wa pale Nakaloke, ambaye barua akiandikiwa lazima asomewe, ametaja makochi, na yamekuja na lori, mtaa mzima umeyaona yakishushwa. Wewe mwenye diploma unaomba kitu kisicho ghali. Watu watauliza una kasoro gani."

"Waniulize mimi. Nitawajibu kwa Kiswahili kizuri."

Mama Madina alicheka, akaficha uso nyuma ya tabaga.

"Mcheke tu," shangazi alisema. "Na kwa nini isiyo ghali? Hata wanaokopa huomba cha ghali."

Sababu moja ilikuwa rahisi kueleza, na Zulaika aliieleza. Tangu shule zilipoanza kufundisha Kiswahili, walimu ambao wao wenyewe hawakukisoma walikuwa wakimtafuta awaandalie masomo na mazoezi. Kazi ilikuwepo, mashine ndiyo haikuwepo. Aliandikia katika duka moja la kuchapa karibu na stendi, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya, na kila alipoingia mteja wa picha za pasipoti, mwenye duka humgonga begani kwa kalamu: "Dada, kidogo." Zulaika husimama, hukaa pembeni kama mgonjwa anayesubiri dawa, na sentensi aliyokuwa nayo kichwani hutoka nje kwa mlango uleule alioingilia mteja.

Laptopu aliyoitaka alikwisha kuiona kwa fundi nyuma ya soko kuu. Nyeusi, nene, iliyotumika ofisini mwa watu, nzito kama tofali. Betri yake hutoka kwa kidole na nyingine huwekwa. "Hii ukiiangusha, ihurumie sakafu," fundi alimwambia. "Kasoro ni herufi ya L. Imefutika."

"Naijua ilipo," Zulaika alijibu.

Sababu ya pili hakuieleza, kwa kuwa isingemheshimisha Wahab. Wahab aliendesha gari la mtu. Siku moja Zulaika alikuwa Jinja, wameketi kwenye gari hilo Main Street na samaki wao wa kukaanga, mwenye gari akatokea. Hakuwa na haraka. Aliinamia dirisha, akanyoosha mkono, akasema, "Funguo. Na hiyo harufu utaniosheia kesho." Wahab akampa. Wakabaki wawili ukingoni mwa barabara, samaki mkononi, mafuta yakipenya kwenye karatasi, na Wahab akawa anasoma mabango ya maduka ya ng'ambo kama mtu aliyetumwa kuyahesabu. Zulaika hakumtazama usoni mpaka alipomsikia akitafuna tena.

Tangu siku hiyo Wahab alijinyima hata soda. Alikwisha kutoa arbuni kwa gari kuukuu lililokuwa likiuzwa huko Walukuba, na kilichobaki kulimaliza alikuwa akikiweka kidogo kidogo. Zulaika alijua wazi: mahari ikiwa kubwa, gari linaondoka, na mkono ule utaingia tena dirishani mwake maisha yote. Ndiyo maana alitaka laptopu ya tofali. Lakini utamwambiaje mshenga kwamba umeipunguza mahari ili itoshe mfukoni mwa bwana harusi?

"Afande," alisema, "nakuandikia kwenye karatasi."

Afande Gidudu alitikisa kichwa. "Karatasi iko na mvua, binti. Karatasi iko na mwizi. Mimi nabeba maneno kichwa. Jera ya Jinja, wafungwa mia ngapi, majina yote nilibeba hapa." Akagonga kipaji cha uso. "Sema. Narudia."

"Nataka kompyuta mpakato."

"Mpaka ya wapi?"

"Basi, laptopu. Isiyo ghali."

"Anataka raptopu," Afande alirudia, ameketi wima. "Isiyo gari. Mambo ya gari hataki."

"Ghali, afande."

"Ndiyo. Gari."

Zulaika aliuma mdomo. Alikuwa ameishi na ndimi za Mbale maisha yake yote: Bwana Lawrence wa jirani ni Rawulensi, rangi ni langi, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu wali umeitwa wari. Kumsahihisha mzee wa watu mbele ya chai yake kungekuwa ujuvi.

"Hapo hapo, afande," alisema. "Umefika."

Shangazi Aminah alimfuata mshenga mpaka mlangoni, kisha akarudi na kidole juu. "Na wewe, usije ukampigia kijana simu ukaanza kupatana. Maneno ya mahari hayapiti kwenye simu. Yanapita kinywani mwa watu wazima."

---

Wahab alipiga simu wiki iliyofuata, kuulizia tu hali. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kung'oa jino na sasa anaambiwa ale.

"Neno lako lilifika," alisema.

"Lilikukasirisha?"

"Hapana. Lilinikalisha chini. Nililala nalo, nikaamka nalo. Mwishowe nikasema, sawa. Kama ndivyo anavyotaka Zulaika, iwe."

"Si jambo kubwa hivyo, Wahab."

"Kwako labda," akasema, na kwa kuwa shangazi Aminah alikuwa akipita na ndoo, akipunguza mwendo kila hatua, Zulaika akageuza maneno na kuuliza kuhusu mvua ya Jinja.

Usiku wa kuamkia harusi hakuwa na wasiwasi hata mmoja. Alimwambia mama yake kwamba pengine fundi wa sokoni atashangaa watu wa Jinja wanavyokuja kwake na kanzu.

"Umewaambia wanunue kwa fundi huyo?" mama aliuliza.

"Wakinunua kwingine si neno. Ilimradi iwe isiyo ghali."

---

Siku ya ndoa hema lilifungwa uani, ngoma ya doluka ikawekwa juani ngozi ipate moto, na wanawake wakajaa sebuleni, wamejitanda gurbaba, nguo zao za sherehe, za rangi zote. Zulaika aliketishwa karibu na dirisha lenye pazia. Hakuonekana, lakini kila lililosemwa hemani alilisikia, na penye upenyo wa pazia aliona pia.

Aliwaona watu wa Jinja wakiingia. Wahab na kanzu mpya, mwembamba kuliko alivyomwacha. Baba yake mkubwa, Mzee Asadu, mfanyabiashara wa nguo, mtu anayekohoa kabla ya kusema ili watu wanyamaze. Na Afande Gidudu, viatu vikimeta kuliko paji la uso la sheikhe. Mkononi mwa Mzee Asadu palikuwa na sanduku jeupe, jembamba, lililovaa nailoni yake bado, na hata kabla halijawekwa mezani vijana walikwisha kulitambua. Mnong'ono ukazunguka hema. Laptopu za aina ile mjini zilikuwa za kutazamwa tu, nyuma ya kioo.

"Subhanallah," mmoja wa wanawake alisema dirishani. "Zulaika, ndiyo ile isiyo ghali?"

Zulaika alisogeza jicho karibu zaidi na upenyo wa pazia.

Mzee Asadu alikohoa. "Ndugu zetu wa Mbale," alianza. "Sisi tulipewa neno, na neno tumelitii. Binti alisema anataka laptopu. Akasema zaidi: mambo ya gari hataki. Nasema kweli, tulishangaa. Kijana wetu alikuwa na gari lake karibu kulimaliza. Lakini tukasema, huyu ni msomi, ana hoja yake. Mke asiyetaka gari utamlazimisha? Basi kijana akaenda Walukuba, akaomba arbuni yake irudi, akakusanya na akiba yote. Na tukasema, laptopu iliyokula gari lazima na yenyewe ifanane na gari." Akagonga sanduku kwa kucha. "Dukani wametuonya, nailoni ikichanwa hairudishwi. Njoo Bi Aminah, uichane mbele ya watu, tuone ni nani atakayetaka kuirudisha."

Vigelegele vikapaa. Shangazi Aminah, ambaye tangu wiki za nyuma alikuwa akiona makochi ya Nakaloke ndotoni, alikwenda mezani kama mtu anayeelea. Akalichukua sanduku. Akalibusu. Akatafuta pa kuanzia, na ukucha wake wenye hina ukaishika pembe ya nailoni.

Zulaika hakukumbuka baadaye jinsi alivyosimama. Alikumbuka tu kwamba aliruka miguu ya wanawake, akaangusha sinia la mandazi, akatoka uani bila viatu, hina na kila kitu, na kabla kigelegele cha mwisho hakijashuka akawa amelipokonya sanduku mikononi mwa shangazi yake na kulikumbatia kifuani.

Aliyekuwa akipasha ngoma akaiacha juani.

"Zulaika," shangazi Aminah alisema kwa sauti ndogo, mikono yake ingali imeshika hewa. "Mimi? Mbele ya watu?"

"Nailoni haijachanika," Zulaika alisema, akiligeuza sanduku huku na huku. "Alhamdulillahi. Haijachanika."

"Rudi ndani," mama yake alisema kutoka mlangoni. "Kama una neno mwambie shangazi yako, atalifikisha."

"Hapana, mama. Neno langu limefikishwa vya kutosha." Akamgeukia mshenga. "Afande, nakuuliza kwa heshima. Kitu kikiuzwa bei ya juu, ya kuumiza, tunasema kitu hicho ni nini?"

Afande Gidudu alisimama, akaweka mikono kandokando ya suruali. "Tunasema ni gari, binti."

"Na chombo cha magurudumu manne, kinachopita barabarani na kubeba watu?"

"Hiyo?" Afande alimtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Hiyo ni gali."

Kicheko kilianzia kwa vijana nyuma, kikapita kwa wanawake dirishani, kikamfikia sheikhe, aliyejifanya anafuta miwani. Mzee Asadu peke yake hakucheka. Midomo yake ilikuwa ikirudia maneno yale polepole, gari, gali, kama mtu anayekagua noti juani.

"Mimi nilifikisha yote," Afande Gidudu alisema, akiwatazama wanaocheka mmoja mmoja. "Hakuna neno lilianguka njia. Muulize yeyote."

"Hakuna lililoanguka, afande. Yalibadilishana viti tu." Zulaika akamtazama Wahab kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama, mdomo wazi kidogo. "Nilisema isiyo ghali. Ghali, Wahab. Nilitaka ile ya fundi wa sokoni, kuukuu, yenye herufi iliyofutika."

"Kwa hiyo gari…" Wahab alisema. "Gari unalitaka?"

"Nililitaka siku ile ya samaki, kabla hata wewe hujalitaka."

Wahab aliketi. Kisha akasimama tena. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, na watu hawakujua kama analia mpaka alipotoa mikono wakaona meno yake yote.

"Limeuzwa?" Zulaika aliuliza.

"Mpaka jana jioni lilikuwa palepale Walukuba. Kuku wanalala juu yake."

"Basi hiki kinarudi Jinja na nailoni yake, na arbuni inarudi Walukuba."

Mzee Asadu alikohoa, na safari hii hakuna aliyenyamaza, ikambidi akohoe tena. "Ngojeni. Nimetembea Main Street nzima na sanduku hili mkononi. Watu wamenipongeza. Leo nirudi nalo dukani, niseme nini? Kwamba tumekataliwa? Binti, unatuambia hatuna uwezo?"

"Nasema mnao, baba mkubwa. Nataka mbaki nao."

"Na hii ina kasoro gani? Hii ndiyo bora ya zote."

"Ni bora. Ni nyembamba, ni nzuri, naipenda kuitazama. Lakini ikiharibika hakuna fundi Mbale anayeweza kuifungua. Nikienda nayo kwa walimu nitakuwa nimeishikilia kama yai, macho kwa wezi, kazi sifanyi. Mimi natafuta jembe, baba mkubwa. Hii ni bangili."

"Sikia maneno," mwanamke mmoja alisema dirishani. "Hata mahari anaigombea kwa mifano."

Mzee Asadu akamgeukia sheikhe. "Haya, mimi sina shida. Lakini kwanza aombe radhi. Amempokonya shangazi yake kitu mkononi. Amewatokea wanaume bila viatu. Amemfanya afande kichekesho. Akiomba radhi, tufunge ndoa."

Sheikhe alivaa miwani yake. Alikuwa na ndoa nyingine baada ya adhuhuri. "Mzee Asadu," alisema, "mahari ni sharti la ndoa. Radhi siioni katika masharti." Akamtazama Zulaika. "Unaitaka laptopu ya fundi?"

"Ndiyo, sheikhe. Ile isiyo ghali."

"Lisemeni hilo neno pamoja," sheikhe akawaambia watu, "lisije likapotea tena kabla sijaliandika."

Na hema zima, Mbale na Jinja, likatamka *ghali* kwa pamoja, koo zikikwaruza, na sauti iliyosikika juu ya zote, ikijiamini kuliko zote, ilikuwa ya Afande Gidudu: "Gari!"

---

Alhamisi iliyofuata gari liliingia Namakwekwe likitoa moshi wa buluu. Mlango mmoja ulikuwa wa rangi tofauti na mwingine ulifunguliwa kwa nje tu. Juu ya paa palikuwa bado na manyoya mawili ya kuku. Wahab alishuka, akazunguka gari lake lote kabla ya kusalimia mtu, akilifuta kwa kiganja mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Ndilo hili?" jirani mmoja aliuliza.

"Ndilo hili," Wahab alisema. "Na funguo ziko mfukoni mwangu."

Mizigo ya bibi harusi ilipakiwa: masanduku, mikeka, matabaga ya mama Madina yaliyofungwa pamoja kama sinia za mwanga. Afande Gidudu alikuja kutoka Busiu na mkungu wa ndizi, akaufunga mwenyewe kwa kamba ya kijeshi, akagonga paa kuthibitisha. "Gali mzuri," alimwambia Zulaika kwa siri. "Na haikuwa gari sana." Zulaika akambusu mkono, na mzee akakohoa, akaenda kukagua matairi yaliyokwisha kukaguliwa.

Shangazi Aminah alibaki barazani, ameketi kiubavu, kitambaa kimevutwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepika tangu alfajiri, chakula cha safari kilikuwa chake chote, lakini kusema hakusema.

Zulaika alikwisha kuketi mbele, laptopu ya tofali mapajani, mama Madina alipokuja na kuinamia dirisha.

"Shangazi yako amenuna tangu siku ile," mama alinong'ona. "Nakaloke nzima wanamwita Mama Nailoni. Shuka mara moja, ukamwombe radhi, uende na roho nyeupe."

"Nitamletea khanga kutoka Jinja, mama. Nitamletea samaki wa kukaanga mpaka aseme basi. Kila nikija nitalala chumbani kwake."

"Hivyo ni vitu vingine. Mimi nasema radhi."

Zulaika alifungua laptopu, akapitisha kidole juu ya kitufe kile kisicho na herufi, kisha akaifunga. Kando yake Wahab alizungusha ufunguo. Injini ikaguna, ikakataa, ikaguna tena, ikakubali.

"Radhi siombi," alisema. "Ningechelewa ukucha mmoja tu, mama, leo hakuna gari hapa."

"Hata ndogo? Ya kupitishia tu dirishani, asikie sauti yako?"

Zulaika alimtazama shangazi yake kule barazani, aliyekuwa amekwisha kuligeuza sikio upande wao.

"Hata isiyo ghali," alisema, kwa sauti ya kutosha kufika. "Siombi."